Nani Alimtoa Babu?

Anayemtafuta babu yake katika karatasi za jeshi kwa kawaida huanza na jina. Kwa watu wa Wamaza, na kwa upande wote wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, mimi nashauri jina liwekwe mwisho. Swali la kwanza la kuwauliza wazee ni hili: nani alimtoa? Ni sultani gani, kapita gani au tajiri gani aliyemkabidhi kijana huyo kwa Leta, yaani serikali ya wakoloni? Swali halipendezi. Mzee mmoja atakohoa, mwingine atauliza kama chai imekwisha chemka. Lakini karatasi za zamani zilipangwa kwa kumfuata aliyetoa watu, na aliyetolewa aliingia humo kama nyongeza tu.

Sababu iko katika jinsi jeshi lenyewe lilivyoundwa. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliipanga Force Publique, jeshi la Kongo yake, kwa amri ya mwaka 1888, na mwaka 1891 amri nyingine ikawapa maofisa wa wilaya uwezo wa kudai idadi maalumu ya vijana kila mwaka. Sultani alitajiwa hesabu, naye akatafuta watu wa kuijaza. Sasa jiulize mwenyewe: nani angemtoa mwanawe mpendwa aende kutumikia miaka mingi katika nchi asiyoijua? Waliotolewa walikuwa watumwa, mateka, watoto wa wadaiwa, vijana wakorofi, na wakati mwingine mpwa ambaye urithi wake ulikuwa umeanza kuleta maneno. Karani aliandika jina alilolisikia, akatia namba, na kando yake akaandika kijiji na sultani. Jina lile huenda lilikuwa la siku hiyo tu. Mtumwa alitajwa kwa jina alilopewa na bwana wake, kijana mwenye hofu alitaja jina la uongo, na mwingine alipewa na wenzake wa kambini jina la mto au la kilima cha kwao. Kijiji na sultani vilibadilika kwa nadra zaidi. Kwa hiyo anayejua kwamba babu alitolewa na sultani fulani ana ufunguo bora kuliko anayejua jina kamili la babu pamoja na la baba yake.

Jambo la pili ni kuweka tarehe. Wazee hawataji mwaka, hutaja vita. Kwa Maniema ya kusini hapo ndipo kazi inapokuwa tamu, kwa sababu vita vilipita mlangoni.

Wakisema vita vya Waarabu, tuko kati ya 1892 na 1894. Sefu, mwana wa Tippu Tip, yule tajiri mkubwa wa pembe na watumwa, alikuwa Kasongo, na wajumbe wawili wa Leta, Lippens na De Bruyne, walikuwa mikononi mwake. Mapigano yalipoanza upande wa Lomami mwishoni mwa 1892, wawili hao wakauawa Kasongo mwezi Desemba. Jeshi la Leta chini ya ofisa Dhanis likaingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Ngongo Lutete, aliyewahi kuwa mtu wa Tippu Tip kisha akageukia upande wa Leta, aliwapa Wabelgiji maelfu ya wapiganaji. Malipo yake yalikuwa kuuawa kwa risasi kule Ngandu, Septemba 1893, kwa hukumu ya maofisa wa upande uleule aliousaidia. Sefu akafa mwezi uliofuata. Januari 1894 Kabambare ikaanguka, na Rumaliza, mkuu mwingine wa Waarabu, akakimbilia upande wa Wajerumani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Tazama miezi hiyo kwa jicho la kijana mwenye bunduki ya gobori. Januari 1893 yuko kwa Sefu. Aprili ametekwa Kasongo. Kabla ya mwaka kwisha amevaa nguo za Leta na anawafukuza jamaa zake wa jana kuelekea Kabambare. Hajasafiri mbali na alikozaliwa, na tayari amekuwa askari wa pande mbili. Ndiyo maana katika ukoo mmoja utakuta tawi moja likiapa kwamba babu aliwapiga Wabelgiji, na tawi jingine likiapa kwamba babu alikuwa mtu wao. Watu hugombana misibani kwa ajili ya jambo hili. Mimi sioni haja ya kumchagua msema kweli, maana mara nyingi wote wawili wana haki, kila mmoja kwa mwezi wake.

Kwa vita hivi usitegemee orodha ya majina. Agosti 1908, Leopold alipokuwa anajiandaa kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, karatasi za Dola lake zilichomwa Brussels kwa siku nane mfululizo. Kilichobaki kilibaki kwa sababu kilikuwa nyumbani kwa watu. Maofisa walikuwa na tabia ya kuondoka na madaftari yao: shajara, nakala za barua, ramani za mkono, hesabu za risasi na za posho. Karatasi za Dhanis ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Kwa hiyo babu aliyepigana kabla ya 1908 hatafutwi moja kwa moja. Anatafutwa kwa kupitia mzungu aliyekuwa mbele yake. Ukijua alikuwa Kabambare mwaka fulani, uliza ni ofisa gani aliyeshika kituo cha Kabambare mwaka huo, kisha uliza daftari lake liko wapi. Inakera kumtafuta mzee wako ndani ya sanduku la mtu aliyemwamuru kwa fimbo, lakini njia ndiyo hiyo.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Watu wa Kasongo na Nyangwe walikuwa wanaandika. Waliandikiana barua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kuhusu bunduki, pembe, madeni, na nani ameondoka na watu wangapi. Wabelgiji walipoteka miji walichukua na barua hizo, na ndiyo sababu nyingine zimesalimika hadi leo. Profesa Xavier Luffin wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels amezichambua hati hizo zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji na kuzitolea kitabu mwaka 2020. Usitarajie kumkuta humo mpiganaji wa kawaida. Utawakuta wakubwa. Hapo swali letu la mwanzo linarudi na faida yake: ikiwa familia inakumbuka kwamba babu alikuwa mtu wa fulani, basi mfuate fulani. Alipokwenda na watu wake, babu naye alikwenda. Tippu Tip mwenyewe aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na wasifu huo umejaa majina ya watu, ya masultani na ya njia walizopita. Mtu wa Kasongo anayetafuta ukoo wake bila kukisoma kitabu hicho anajinyima bure.

Baada ya Waarabu yakaja maasi. Wengi wa askari waliokuwa wa Ngongo Lutete walikuwa wameingizwa katika Force Publique, na hawakusahau alivyouawa. Mwaka 1895 kikosi cha Luluabourg kiliasi. Mwaka 1897 msafara mkubwa wa Dhanis, uliokuwa unakwenda kaskazini kuelekea Nile, ulivunjika kwa uasi wa askari wake wenyewe, na kwa miaka iliyofuata waasi hao walishuka kusini wakipigana, hadi 1898 wakaitwaa Kabambare kwa muda. Mabaki yao yalivuka kuingia eneo la Wajerumani mwaka 1900.

Nimekuja kuamini jambo moja kuhusu hati za kikoloni: aliyetii hakuandikwa. Askari aliyeamka, akabeba, akapiga, akala posho na kulala, alikuwa tarakimu moja katika jumla ya mwezi. Aliyetoroka aliandikwa jina. Aliyechapwa aliandikwa jina, kosa na idadi ya fimbo. Aliyefikishwa mbele ya baraza la vita aliandikwa maneno yake, hata kama mkalimani aliyapunguza. Waasi ndio askari wa enzi ile tunaowajua kwa sauti zao wenyewe. Padri Achte wa Mapadri Weupe aliangukia mikononi mwao mwaka 1897, akategemea kuuawa, badala yake kiongozi wao Mulamba akaketi na kumweleza sababu za hasira yao. Barua ya padri imehifadhi maelezo hayo. Kwa hiyo ukisikia fununu kwamba babu alikuwa na kesi, usiifunike. Familia nyingi huzika fununu kama hiyo kwa aibu, kumbe wanazika karatasi pekee ambayo ingewapeleka kwake.

Vita vya Tabora, yaani Vita Kuu ya kwanza dhidi ya Wajerumani, vina hati nyingi zaidi, na pia vina uongo mwingi zaidi wa nyumbani. Kufikia wakati huo mpangilio wa nchi ulikuwa umebadilika. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilikuwa tayari, na mwaka 1915 ile ya Kabalo ilifika ziwani, pale palipoitwa Albertville, leo Kalemie. Mwaka 1916 Jenerali Tombeur alikuwa na askari zaidi ya 10,000 mpakani. Brigedi ya kaskazini chini ya Molitor iliingia Rwanda na kufika Kigali mwezi Mei. Brigedi ya kusini chini ya Olsen ilipitia Burundi, ikashuka hadi Kigoma mwishoni mwa Julai. Tabora ilichukuliwa tarehe 19 Septemba 1916, na mwaka uliofuata, Oktoba, wakaingia Mahenge.

Habari ndogondogo za nyumbani hupata thamani hapa. Mjukuu akikumbuka kwamba mzee alisimulia baridi, milima na ng'ombe wenye pembe ndefu, basi mzee alipita nyanda za juu, na baridi peke yake haitoshi kutofautisha brigedi. Muulize zaidi. Je, alitaja Kigali au Kitega? Alifika ziwani kabla ya Tabora, au aliiona Tabora akitokea upande wa Mwanza? Je, alirudi nyumbani mara baada ya Tabora, au aliendelea mpaka nchi ya mito iliyofurika, njaa na mpunga, yaani upande wa Mahenge? Majibu mawili kati ya hayo yatakuambia ufungue faili za brigedi gani. Mzee aliyekwisha fariki anaweza kuhojiwa namna hii kwa kupitia hadithi zake, mradi wajukuu wasizirembe.

Nao huziremba sana. Kitu kinachorembwa kuliko vyote ni cheo. Nyumba nyingi zinazosema babu alikuwa askari wa Tabora zina babu aliyekuwa mpagazi. Vita vile havikuwa na barabara. Risasi, mchele, dawa, hata vipande vya mizinga vilikwenda kichwani. Kwa upande wa Wabelgiji peke yao inakadiriwa kwamba wapagazi zaidi ya robo milioni walitumika katika vita hivyo, wengine kwa majuma machache, wengine kwa miezi. Vitabu havikubaliani hata juu ya waliokufa: kimoja kitakupa kama 7,000, kingine zaidi ya 15,000. Tofauti hiyo ni ya watu, vijiji kadhaa vizima vya watu, ambao hakuna aliyeona haja ya kuhakikisha kama wamo au hawamo.

Dalili za mpagazi ni hizi. Aliondoka kwa msimu, hakukaa miaka. Hana namba wala nishani. Aliondoka pamoja na wanaume wengi wa kijiji chake kwa siku moja, tena mara nyingi alikuwa mtu mzima mwenye mke na shamba, si kijana. Alirudi na kikohozi au kuhara damu, kama alirudi. Ukiziona dalili hizi, acha kupoteza muda kwenye daftari za askari. Nenda kwenye shajara za misheni. Mapadri Weupe walianza kazi Kasongo mwaka 1903, na shirika lao lilikuwa na utaratibu wa kila kituo kuandika shajara ya kila siku. Nakala na ripoti za mwaka zilipelekwa makao makuu, na hifadhi yao leo iko Roma. Padri aliyekosa watu kanisani aliandika kwa nini wamekosekana: wamekimbilia porini, au wamechukuliwa kubeba. Jina la mtu mmoja mmoja ni nadra, lakini tarehe na kijiji hupatikana, na kwa mpagazi hayo ni mengi.

Nishani nayo ina mtego wake. Kwa vita vya 1914 hadi 1917 Ubelgiji ilitoa nishani ya kumbukumbu ya kampeni za Afrika, na waliofika Mahenge walipewa kipande cha kubandika kwenye utepe. Tatizo ni kwamba nishani hizi za Kibelgiji hazikuchongwa jina la mtu. Mjukuu wa Kenya ambaye babu yake alikuwa King's African Rifles akipata nishani ya Kiingereza ya vita vile, huigeuza ubavuni akasoma namba, cheo na jina. Mjukuu wa Wamaza akipata ya kwake sandukuni, inamwambia tu kwamba mtu fulani alikuwa huko. Na nishani huuzwa, hurithiwa, huwekwa rehani. Nishani bila hadithi ya namna ilivyoingia nyumbani si ushahidi wa kutosha.

Nitapita haraka kwenye vita vya pili vya dunia, kwa sababu waliosimulia bado wanakumbukwa. Wakisema Abisinia, ni 1941: Asosa, Gambela, halafu Saio, ambako Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri tarehe 3 Julai mbele ya Gilliaert. Wakisema Burma, kazi ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu Wakongo waliofika huko walikuwa wa kikosi kimoja cha hospitali ya vita, watu mia chache tu. Mmoja wao, Koplo Albert Kunyuku, aliishi hadi akavalishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa, Juni 2022, akiwa na umri wa karibu miaka 100. Orodha fupi ni rafiki wa mtafutaji. Kama babu yako hayumo katika mia hizo chache, hakwenda Burma, hata kama alizijua nyimbo zake.

Karatasi ziko wapi basi? Kwa masikitiko, nyingi ziko mbali. Wakati wa uhuru mafaili ambayo Wabelgiji waliyahesabu kuwa yao yalipakiwa kwenda Brussels, na miaka ya karibuni yale yaliyokuwa wizara ya mambo ya nje yamekuwa yakihamishiwa Hifadhi za Taifa za huko. Mwaka 2021 ulichapishwa mwongozo wa vyanzo vya historia ya ukoloni wa Kongo, Rwanda na Burundi, mabuku mawili manene, unaosema kila fungu la karatasi liko jengo gani. Mwombe ndugu aliye Ulaya auangalie kabla hajafunga safari. Huku kwetu usiweke matumaini makubwa kwenye makabati ya ofisi za teritware. Waasi wa Simba walipita mwaka 1964, na vita vya 1996 na 1998 vikapita tena juu ya majivu.

Ukiandika kuomba faili, andika jina kwa sikio la Mfaransa na la Mflandri. Juma atakuwa Djuma, Musa atakuwa Moussa, na r na l zitabadilishana nafasi bila adabu. Taja pia mipaka ya wakati huo, maana Maniema ilikuwa chini ya Province Orientale, mwaka 1933 ikawekwa chini ya Costermansville, baadaye Kivu, na mwaka 1988 ikawa mkoa wenyewe. Wala usiishie upande mmoja wa ziwa. Wamanyema walikuwa wengi Ujiji na Tabora tangu siku za misafara, na wengine waliingia jeshi la Wajerumani. Inawezekana kabisa kwamba ndugu wawili wa baba mmoja walilengana mwaka 1916. Wazao wao leo wako Kigoma, wako Buyenzi mjini Bujumbura, wako Kariakoo, Dar es Salaam, ambako kuna msikiti wenye jina la Wamanyema.

Kwenye jumba la Tervuren kuna ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo enzi ya Leopold. Lippens na De Bruyne, zaidi ya hayo, wana mnara wao Blankenberge, ufukweni mwa bahari, tangu 1900. Waafrika waliokufa siku zile hawakuwekwa ukutani. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa alitengeneza kazi ambayo jua likiingia huangusha juu ya ukuta ule vivuli vya majina ya Wakongo saba waliofia Tervuren kwenyewe, walipoletwa kwa maonyesho ya 1897. Saba, kwa sababu hao walizikwa pale na majina yao yanajulikana. Wa Kasongo na Kabambare hawana wa kuwaandika ila nyumba zao.

Kwa hiyo turudi nyumbani, na safari hii tusiwaulize wanaume. Askari wa Force Publique hakutembea peke yake. Wake walifuatana na safu, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani na kambini. Bibi alizaa mtoto wa kwanza wapi? Wa pili je? Mtoto aliyezaliwa Kongolo, anayefuata akazaliwa Kigoma, wa tatu Lokandu: hiyo ni orodha ya vituo vya babu, imeandikwa kwa watoto, na mpangilio wake hausahauliki kwa sababu kila mtu anajua nani mkubwa wa nani. Na bibi mwenyewe alitoka wapi? Kama hakuwa mtu wa Maniema, kama wajukuu wanakumbuka kwamba alikuwa na chale za kwao na lugha aliyoizungumza na nafsi yake tu, basi uliza babu alimpata wapi, na kwa njia gani, na nani alimtoa yeye.